Kabla ya Kuilaumu Kabureta ya Mashine ya Kupuliza Majani

Nilifungua kabureta ya mashine yangu ya mkono ya kupuliza majani mara mbili, nikabadilisha viwambo vyake vyote, kisha nikanunua kabureta nyingine mpya kabisa, na bado mashine ikaendelea kuzima kila baada ya dakika nne au tano kana kwamba sikuwa nimeigusa. Kuwaka haikuwa shida. Nikivuta kamba mara mbili au tatu injini inashika, inanguruma vizuri, majani yanaruka. Halafu sauti inabadilika, nguvu zinapungua, na kimya. Nikiiacha ipumzike kidogo, inawaka tena kama kawaida na kunidanganya kwa dakika nyingine nne.

Siku niliyolipata kosa lenyewe sikuwa na hata bisibisi mkononi. Mashine ilikuwa imezima, nikalegeza kifuniko cha tangi ili nione mafuta yamebaki kiasi gani, na hapo nikasikia hewa ikivutwa kuingia ndani, fyuuu, kama mtu anayetoa kichwa majini na kuvuta pumzi. Kumbe tangi lilikuwa halipumui. Kila tone la mafuta linalotoka tangini lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa, na hewa hiyo huingia kupitia kijivalvu kidogo cha mpira ambacho huruhusu hewa kuingia lakini huzuia mafuta kumwagika mashine inapogeuzwa. Changu kilikuwa kimeziba kwa vumbi lililogandamana na oili. Mafuta yalivyokuwa yakipungua, mvuto ndani ya tangi ulikuwa unaongezeka, mpaka pampu ya kabureta ikashindwa kuyavuta. Kabureta ya zamani haikuwa na kosa, na ile mpya pia haikuwa na kosa.

Tangu hapo sifungui kabureta ya mtu wala yangu kabla sijayafuata mafuta kwa mpangilio uleule yanaosafiri: kutoka kwenye dumu, kuingia tangini, kupita kwenye chujio na mpira, kufika kwenye kabureta, na kuingia ndani ya injini. Kabureta iko karibu na mwisho wa safari hiyo, na lawama nyingi inazobebeshwa ni makosa ya walioitangulia.

Nieleze kwanza namna kitu hiki kinavyofanya kazi, kwa sababu bila kuielewa kazi yake dalili zote zitaonekana ni moja tu, yaani "haiwaki". Mashine nyingi za mkono za kupuliza majani hutumia injini ya mipigo miwili, ile ambayo mafundi huiita tu-stroki, na injini hiyo haina oili inayokaa peke yake chini ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Oili huchanganywa na petroli, na mchanganyiko huohuo unaochomwa ndio unaolainisha pistoni, silinda na beringi. Mafuta yanapopungua, ulainishaji nao unapungua. Kwa hiyo mashine ya aina hii inayokosa mafuta huku ikiendelea kuzunguka kwa kasi inajikausha yenyewe, na mwisho wake ni pistoni iliyokwaruzika na injini iliyonoki, yaani iliyokwama isizunguke tena. Mashine inayozima ina afadhali kuliko ile inayolia kwa sauti nyembamba ya juu na kuendelea kufanya kazi.

Kabureta ya pikipiki huwa na bakuli la mafuta na boya ndani yake, lakini mashine ya mkono huinuliwa, hulazwa ubavu na kuelekezwa chini, na bakuli lingemwagika au kukauka katika hali hizo. Badala yake kuna viwambo viwili vyembamba, vilivyotandazwa kama ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Kiwambo cha kwanza ni pampu. Pistoni inapopanda na kushuka, chumba cha krenki hupata mvuto na shinikizo kwa zamu, na tundu dogo linalotoka kwenye injini hadi kwenye kabureta huleta mapigo hayo nyuma ya kiwambo, nacho hupwita kama moyo, kikivuta mafuta kutoka tangini na kuyasukuma mbele. Kiwambo cha pili ni cha kipimo. Upande wake mmoja unaguswa na hewa ya nje kupitia tundu lililo kwenye kifuniko, na upande wa pili una chumba kidogo cha mafuta. Injini inapoyanyonya mafuta hayo, kiwambo huvutwa kwa ndani na kuukanyaga wenzo mdogo, wenzo huinua sindano, na mafuta mapya huingia. Chumba kikijaa, kiwambo hurudi na springi huifunga sindano. Haya yote hutokea ndani ya kifaa kinachoenea kwenye kiganja, na kwa kadiri nionavyo ni moja ya kazi nzuri zaidi zilizowahi kufanywa na kipande cha mpira.

Sasa tuanze safari, na mwanzo wake ni dumu. Uwiano wa petroli na oili huandikwa kwenye kitabu cha mashine au kwenye kifuniko cha tangi. Palipoandikwa 50:1, lita 5 za petroli huhitaji mililita 100 za oili ya tu-stroki. Palipoandikwa 40:1, lita 5 huhitaji mililita 125. Tumia chombo cha kupimia, usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Wapo wanaoongeza oili kidogo "kwa usalama", na ninawaelewa, lakini oili ikizidi hujenga masizi kwenye plagi na kwenye tundu la ekzosi, na tena huchukua nafasi ya petroli, hivyo kila tone linalopita kwenye jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopimia mafuta, linakuwa na petroli pungufu kuliko kabureta ilivyorekebishwa kupitisha. Oili ya injini ya gari si mbadala wake, kwa sababu haikutengenezwa kuchomwa.

Baada ya uwiano ni umri. Petroli iliyokaa hupoteza kwanza sehemu zake nyepesi, zile zinazoisaidia injini baridi kuwaka, na kinachobaki huanza kugeuka kuwa ulimbo unaonata. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi mmoja kwenye dumu la kawaida siutumii kwenye mashine hizi. Ukiwa na harufu kama ya vanishi, huo umekwisha kabisa. Petroli yenye ethanoli, ambayo katika nchi nyingi hufika asilimia 10, ina shida ya ziada, kwa sababu ethanoli hunyonya unyevu wa hewa, na maji yakifikia kiwango fulani hujitenga pamoja na ethanoli na kutuama chini, palepale chujio la tangi lilipo. Kipimo chake ni rahisi: mimina kiasi kwenye chupa ya kioo angavu, iache itulie, kisha itazame dhidi ya mwanga. Ukiona tabaka mbili, au ukungu, au matone yanayoviringika chini kama shanga, usihangaike na kabureta kwanza. Mwaga mafuta hayo mahali panaporuhusiwa, suuza tangi kwa mchanganyiko mpya na ujaze upya. Nimeona mashine kadhaa zilizopona kwa hatua hiyo pekee, na wenyewe walikuwa tayari wamezikatia tamaa.

Kabla ya kuendelea ndani zaidi, kuna vipimo viwili ambavyo huchukua dakika tano na kuokoa nusu siku. Vifanyie nje, mbali na moto na sigara, injini ikiwa imepoa. Kwanza vuta kamba mara sita au saba kama unavyofanya ukiwasha, kisha fungua plagi na uitazame ncha yake. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa chepechepe, mafuta yanafika, pengine kupita kiasi, na shida iko kwenye moto wa plagi au injini imezama mafuta. Injini iliyozama huhudumiwa kwa kuiacha plagi nje, kuondoa choki (kilango kinachobana hewa wakati wa kuwasha injini baridi), kubana kifyatuo mpaka mwisho na kuvuta kamba mara kumi hivi ili mafuta yatoke. Waya wa plagi uwe umesogezwa mbali na tundu, kwa sababu cheche na mvuke wa petroli havipatani. Kausha plagi, hakikisha nafasi kati ya ncha zake ni kama ilivyoandikwa kitabuni, ambayo kwa mashine hizi huwa karibu na milimita 0.6, kisha jaribu tena bila choki.

Kipimo cha pili ni cha matone. Ondoa chujio la hewa, dondosha matone machache ya mchanganyiko safi kwenye koo la kabureta, rudisha chujio na uvute kamba. Mashine ikiwaka kwa sekunde mbili kisha ikazima, umejifunza mambo mengi kwa mpigo mmoja: moto upo, mgandamizo upo angalau wa kutosha, na kosa liko kwenye kufikisha mafuta. Isipotoa hata mlio mmoja, huenda unafuata njia isiyo yake, na ni vema ukague plagi, koili (kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche) na mgandamizo kwanza. Mgandamizo wa silinda ukishuka sana, hata mapigo yanayoendesha pampu ya kabureta hudhoofika, na hapo kabureta mpya haitasaidia lolote.

Kwa shida yangu ya kuzima baada ya dakika chache, kipimo kilikuwa rahisi kuliko vyote, ndiyo maana bado najionea aibu. Mashine inapoanza kudhoofika, legeza kifuniko cha tangi nusu mzunguko, ukiwa umeishika wima ili mafuta yasimwagikie injini ya moto. Ikirudisha nguvu, ni kijivalvu cha hewa. Hicho huwa ndani ya kifuniko au kwenye kijimpira kifupi kinachochomoza juu ya tangi, na kwa kawaida hubadilishwa tu, kwani ukikisafisha kwa kukichokoa kitaanza kuvujisha mafuta. Lakini uwe mwangalifu usichanganye shida hii na ya koili inayokufa ikipata joto, maana nayo huzima mashine baada ya muda na kuifufua ikipoa. Tofauti huonekana ukikagua cheche papo hapo mashine ilipozima, si baada ya kuipumzisha na kunywa chai.

Chujio la tangi nalipita haraka, kwa sababu halina siri. Livute nje kwa waya uliokunjwa kama kulabu, ulitazame, na likiwa jeusi, gumu au limefunikwa na utelezi, weka jipya. Ni kitu kidogo kisichostahili kubembelezwa. Usijaribu tu kuendesha mashine bila chujio, hata kwa "kujaribu kidogo".

Penye mambo ni mpira wa mafuta. Jamaa mmoja aliniletea mashine iliyokuwa ikiwaka vizuri tangi likiwa limejaa, lakini mafuta yakishuka chini ya nusu ikaanza kulia kwa sauti ya juu, kumisi na kuzima, hasa akiielekeza chini. Mpira ulionekana mzima. Ulikuwa na rangi yake, haukuwa umelegea, haukuvuja tone. Niliushika kwa vidole viwili pale unapopenya ukuta wa tangi, nikaukunja taratibu kuelekea upande mmoja, halafu upande wa pili, na hapo ufa mwembamba kama unywele ukafunguka na kuonyesha weusi wa ndani. Nilipouachia ukajifumba tena na kutoweka kabisa. Ufa wa namna hiyo hauvujishi mafuta nje, kwa sababu ndani ya mpira hakuna shinikizo, kuna mvuto. Unachofanya ni kuingiza hewa. Tangi likiwa limejaa, ufa uko chini ya mafuta na hunyonya mafuta. Yakishuka, unabaki hewani na kunyonya hewa. Injini inapata mapovu, mchanganyiko wa hewa na mafuta unakuwa mwepesi, yaani hewa nyingi na mafuta kidogo, na sauti inapanda. Mafuta yenye ethanoli na joto la injini huukausha mpira na kuufanya mgumu, na mahali pa kwanza kukatika ni pale unapokunjwa au kubanwa.

Kipira cha kubonyeza, kile unachokibonyeza mara kadhaa kabla ya kuwasha, kinaweza kukueleza habari hii kabla hujafungua chochote. Watu wengi hudhani kinasukuma mafuta kwenye injini. La, kinavuta mafuta kutoka tangini kupitia kwenye kabureta na kuyarudisha tangini, kazi yake ikiwa kuondoa hewa njiani. Kikibonyezwa na kuachiwa, kinapaswa kujaa mafuta baada ya mara sita au kumi. Kikiendelea kuleta mapovu bila kikomo, hewa inaingia mahali fulani: ufa wa mpira, kipira chenyewe kilichopasuka, au chujio lililotoka kwenye mafuta. Kikibonyea na kubaki kimebonyea, kuna kizuizi kati ya kipira na tangi. Kikikataa kubonyea, njia ya kurudi imeziba, au mtu aliyebadilisha mipira aliiunganisha kinyume, kosa ambalo ni rahisi kulifanya kwa sababu mipira yote miwili hufanana machoni. Ukinunua mpira mpya pima kipenyo cha ndani na cha nje vyote viwili, kwani cha nje ndicho kinachoziba tundu la tangi. Kata ncha yake mshazari mrefu, ipake tone la oili, ipenyeze tunduni na kuivuta kwa koleo, kisha ukate tena ncha iwe sawa.

Chujio la hewa na wavu wa ekzosi si sehemu ya njia ya mafuta, lakini vyote huiga ugonjwa wa kabureta. Chujio lililoziba kwa vumbi hufanya kazi ya choki isiyoondoka: moshi mwingi, plagi nyeusi, nguvu kidogo. Wavu mdogo ulio ndani ya ekzosi ukijaa masizi, injini hukosa pa kupumulia, ikawaka na kukataa kupanda kasi. Vitoe, visafishe au vibadilishe, na uendelee.

Ikiwa umefika hapa na mashine bado haipati mafuta ipasavyo, basi sasa kabureta ni mshukiwa halali, na yangu hatimaye ilinipa sababu halisi ya kuifungua. Ilikuwa baada ya miezi minane ya kukaa stoo ikiwa na mafuta ndani, uzembe wangu mwenyewe. Ilikuwa ikiwaka kwa choki tu, na nikiondoa choki inazima papo hapo, dalili ya kawaida ya kabureta isiyopitisha mafuta ya kutosha.

Piga picha kabla ya kutenganisha kitu chochote, na upige tena kila unapoondoa tabaka. Ninasisitiza kwa sababu mara yangu ya kwanza niligeuza mpangilio wa gasketi na kiwambo, na kabureta iliyokuwa nzima ikawa mbovu kwa mikono yangu. Upande wa kipimo, katika kabureta nyingi za aina hii, gasketi hukaa dhidi ya mwili wa kabureta, kiwambo hufuata, na kifuniko huja mwisho. Upande wa pampu mpangilio hutofautiana, na hapo picha ndiyo mwalimu.

Chini ya kifuniko cha pampu utakuta kiwavu kidogo cha duara, si kikubwa kuliko punje ya mahindi. Watu wengi hawajui kuwa kipo. Changu kilikuwa kimefunikwa na utando wa rangi ya kahawia, na nilipoupangusa kwa kijiti laini ulitoka kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Kiwambo cha kipimo ndicho kilichonisikitisha. Kiwambo kizima hulegea vidoleni kama kitambaa, ukikigusa katikati huenda na kurudi bila kubisha. Hiki kilikuwa kimekakamaa, na nilipokibonyeza kilitoa mlio wa tik, kama kifuniko cha kopo la bati. Kiwambo cha namna hiyo hakiwezi kuukanyaga wenzo vya kutosha, kwa hiyo sindano haifunguki inavyopasa na injini hukaa na njaa. Hakuna dawa ya kukilainisha. Seti ya viwambo na gasketi huuzwa kwa namba ya kabureta, namba ambayo kwa kabureta za Walbro, Zama au Tillotson huwa imechapwa kwenye mwili wake, na si kwa jina la mashine, kwa sababu mashine moja huweza kuwa ilitoka kiwandani na kabureta tofauti.

Wenzo nao ukaguliwe. Ukikaa juu kuliko inavyotakiwa, sindano hufunguka mapema na mashine huzama mafuta. Ukikaa chini, injini hupata kidogo. Urefu sahihi hutofautiana kwa kila kabureta, na watengenezaji hutoa kipimo kidogo cha bati cha kuulinganisha. Asiye nacho aache wenzo ulivyo, asiukunje kwa kukisia. Sindano ikiwa na alama ya mviringo kwenye ncha yake, imelika, ibadilishe. Kwa mwenye pampu ndogo yenye geji, kuna kipimo kizuri: unganisha kwenye mdomo wa kuingizia mafuta, sukuma mpaka karibu na nusu ya bar na utazame. Mshale ukishuka wenyewe wakati wenzo haujaguswa, sindano haifungi au kuna gasketi inayovuja.

Kuosha ni kwa dawa ya kusafishia kabureta, ukiwa umevaa miwani, kwa sababu dawa ikiingia tundu moja hutokea tundu jingine usilolitarajia na mara nyingi lililoelekea machoni. Ondoa viwambo na mipira yote kwanza, dawa hiyo huviharibu. Usipenyeze waya kwenye jeti. Tundu la jeti limetobolewa kwa kipimo kidogo mno, na mkwaruzo usioonekana kwa macho hulibadilisha kabisa. Tahadhari pia na hewa ya kompresa: katika kabureta nyingi kuna valvu ndogo kwenye mdomo unaotoa mafuta ya kasi kubwa, na shinikizo kali huweza kuing'oa, baada ya hapo mashine haitakaa kwenye sailensa, yaani mzunguko wa polepole kifyatuo kikiwa kimeachiwa, hata ufanye nini. Kama vijitundu vya sailensa vimeziba kwa ulimbo na havifunguki kwa dawa, kwa maoni yangu huo ndio wakati wa kununua kabureta nyingine badala ya kupigana na ile ya zamani.

Ukiirudisha, kaza boliti zake sawasawa. Mtetemo huzilegeza, na gasketi iliyo kati ya kabureta na injini ikipitisha hewa, mashine itakuwa na dalili zilezile za kukosa mafuta ingawa kabureta ni safi kama mpya: sailensa inapanda yenyewe, kasi haishuki haraka ukiachia kifyatuo, na injini inapata joto kupita kiasi. Seali za krenki zikichoka hufanya vivyo hivyo. Hewa ya namna hii hairekebishwi kwa skrubu, na kujaribu kuirekebisha kwa skrubu ndiko kunakoua pistoni nyingi.

Kuhusu skrubu zenyewe, kabureta nyingi zina L kwa ajili ya kasi ndogo, H kwa kasi kubwa, na moja zaidi ya sailensa inayosukuma kilango cha hewa. Mashine nyingi za siku hizi huja na skrubu zilizofichwa chini ya vifuniko vya plastiki au zenye vichwa visivyoingiliana na bisibisi ya kawaida, na lengo la watengenezaji ni kudhibiti moshi kwa mujibu wa kanuni za nchi wanakouza. Kabla ya kugeuza yoyote, ifunge taratibu huku ukihesabu mizunguko mpaka iguse, bila kukaza, uandike hesabu hiyo, kisha uirudishe ilipokuwa. Mahali pa kuanzia, pasipokuwa na maelekezo ya kitabu, mara nyingi ni kati ya mzunguko mmoja na mmoja na nusu kutoka ilipofunga. Kuifungua huongeza mafuta, kuifunga huyapunguza.

Rekebisha injini ikiwa imepata joto, chujio la hewa likiwa safi, na bomba la kupulizia likiwa mahali pake. Hilo la bomba si urembo. Katika msumeno wa mnyororo kuna klachi inayotenganisha injini na mzigo kwenye sailensa, lakini kwenye mashine ya kupuliza majani feni imefungwa moja kwa moja kwenye krenki, hivyo mzigo wa injini ni hewa inayosukumwa. Ukiziba mdomo wa bomba utasikia injini ikipanda kasi, kwa sababu feni isiyopitisha hewa haina kazi kubwa ya kufanya. Kwa hiyo marekebisho yaliyofanywa bomba likiwa limetolewa au limeziba hayatakuwa sahihi kazini. Anza na L mpaka injini itulie na kuitikia kifyatuo bila kusita. Kisha bana kifyatuo mpaka mwisho, ifunge H kidogo kidogo mpaka kasi ifike kileleni, halafu ifungue tena mpaka kasi ishuke kidogo na sauti iwe na kigugumizi chepesi. Ibaki hapo. Sauti tamu kuliko zote, ile nyembamba isiyo na kigugumizi hata kidogo, ni sauti ya injini yenye kiu, na usiipende.

Siku hizi mashine yangu haiingii stoo na mafuta. Nikijua haitafanya kazi kwa mwezi au zaidi, namimina yaliyomo kurudi kwenye dumu, nabonyeza kipira mpaka kiwe kitupu, kisha naiwasha na kuiacha kwenye sailensa mpaka izime yenyewe. Wapo wanaopendelea kuihifadhi tangi likiwa limejaa mafuta yasiyo na ethanoli yaliyotiwa dawa ya kuyatunza, wakisema viwambo vikikauka hukakamaa, na hoja yao ina uzito. Penye mafuta ya namna hiyo ningefanya kama wao. Mimi nina petroli ya kawaida tu, kwa hiyo namwaga. Kisha nafungua plagi, nadondosha tone mbili za oili ndani ya silinda, nazungusha kamba taratibu mara mbili, narudisha plagi, na kabla ya kuitundika naukunja ule mpira wa mafuta kwa vidole viwili pale unapopenya tangi, upande huu na upande ule.